Kabla ya Gundi, Jua Mvua Ilinyesha Lini

Hotuba kwa wajenzi wa modeli na diorama, yaani mandhari ndogo za kuigiza, Kampala

Ndugu zangu, walimu mliokuja na wanafunzi wenu, vijana wa usanifu majengo, na mafundi wa Katwe mliofunga vibanda mapema ili muwahi, karibuni. Tuko hapa watu wa Bombo, wa Arua, wa Busia, na ndugu zetu wa Goma nawaona pale nyuma. Basi tutakwenda na Kiswahili mpaka mwisho, na asiyenielewa aninyooshee mkono papo hapo.

Nimeombwa nizungumze juu ya tope kwenye kitako cha modeli, yaani ile ardhi tunayoitengeneza chini ya gari dogo, nyumba ndogo, au sanamu ya mtu yenye urefu wa kidole. Wengine mmekuja na madaftari mkitaka vipimo, na vipimo mtavipata. Lakini kuna jambo lazima litangulie, nalo nitalirudia hata mnichoke. Kabla hujafungua chupa ya gundi, amua mvua ilinyesha lini mahali hapo unapopajenga, na nani amepita tangu iliponyesha. Ukishajibu maswali hayo mawili, mkono wako utajua pa kwenda. Usipoyajibu, hata ukiagiza vifaa vya bei kali kutoka Ulaya, mtazamaji ataona ubao uliopakwa rangi ya kahawia.

Tope lina utaratibu wake. Mvua inanyesha, maji yanatafuta mabonde madogo, gurudumu linakuja linasukuma udongo pembeni, maji yanaingia kwenye mfuo ulioachwa, jua linatoka na kukausha matuta kwanza, kisha mtoto anapita na kukanyaga tuta lililoanza kukauka. Kila tukio linaacha alama yake juu ya alama iliyotangulia. Mjenzi anayefuata utaratibu huo hahitaji kipaji kikubwa, kwa sababu tope lenyewe linamwongoza. Shida ni kwamba wengi huanzia mwisho. Gari linabandikwa kwanza, halafu tope linapakwa kulizunguka. Matokeo yake tairi zinaonekana zimewekwa juu ya tope, na lori la tani kadhaa halikai juu ya tope hata siku moja. Linazama, na tope linapanda pembeni mwa tairi kwa kiasi kile kile kilichosukumwa chini. Ukiona modeli ya lori haikushawishi na hujui kwa nini, tazama pale tairi inapogusa ardhi. Mara nyingi jibu liko hapo.

Tuje kwenye rangi, maana hapa sisi tuna mtaji ambao wajenzi wengi duniani wanautamani. Vichupa vingi vya tope vinavyouzwa tayari vilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaojenga vifaru vya Vita Kuu ya Pili katika skeli ya 1:35, yaani kitu halisi kimepunguzwa mara 35. Kwa hiyo rangi zake ni za mashamba ya Ulaya, kijivu na kahawia ya giza. Mjenzi wa Kampala akizinunua na kuweka juu yake boda boda na kibanda cha rolex, ile chapati yetu ya kuviringishwa na mayai, anapata boda boda iliyoegeshwa Ulaya. Na dawa yake si kuchukua chupa ya rangi nyekundu na kumwaga, kwa sababu udongo wetu hauna wekundu mmoja.

Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Tanganyika, aliandika mwaka 1935 kwamba udongo wa Afrika Mashariki hubadilika kwa mpangilio unaojirudia, kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, kilima baada ya kilima. Nendeni mkatazame kwa macho yenu. Juu ya vilima vya Buganda kuna gamba gumu la mawe yenye chuma, la kahawia inayoelekea weusi. Kwenye mteremko, ambako maji hayatuami na hewa inaingia, chuma kilichomo kwenye udongo kinashikana na oksijeni na kutupa ule wekundu tunaoujua. Ukishuka zaidi, unyevu unaongezeka na wekundu unaelekea manjano. Ukifika chini kabisa kwenye mafunjo, udongo umelowa mwaka mzima, hewa haimo, chuma kimepoteza wekundu wake na kingine kimesombwa na maji, na unachoshika mkononi ni udongo wa mfinyanzi wa kijivu. Ndio huo wanaoufyatulia matofali. Kilima kimoja, rangi nne, na umbali wa kutembea kwa miguu.

Sasa fikirini barabara ya murram, yaani ya udongo mwekundu wenye kokoto, inayokatiza bonde la mafunjo, kama zile za kandokando ya Lubigi. Udongo mwekundu umeletwa na malori kutoka kilimani na kumwagwa juu ya kinamasi cha kijivu ili barabara inyanyuke. Mvua ikinyesha, wekundu unachuruzika ukingoni na kuingia kwenye kijivu, na pale kwenye mpaka unapata rangi ya tatu isiyo ya kilima wala ya bonde. Mjenzi anayeweka mpaka huo kwenye kitako chake amemweleza mtazamaji kwamba barabara hii ilijengwa na watu, tena imejengwa mahali pa maji. Hakuhitaji kuandika kibao. Mimi nauthamini ukingo huo kuliko gari lolote linaloweza kuwekwa juu yake.

Wenzetu wa kaskazini mashariki, mkijenga Karamoja, sahauni wekundu wa Kampala. Tambarare nyingi kule zina udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka vibaya ukikauka. Na wa Kisoro, chini ya Muhavura na Sabinyo, mna udongo wa giza uliotokana na volkano. Kila mtu achukue udongo wa kwao.

Ndiyo, nimesema achukue. Udongo halisi ndio kifaa bora cha tope, na ni wa bure. Uanike juani ukauke kabisa, uuponde, uuchekeche kwa chujio la chai, halafu uuchekeche tena kwa soksi ya nailoni ya kike, zile zinazopatikana soko la Owino. Baada ya hapo uoke kwenye sufuria kavu au oveni hadi uwe wa moto kote, ili wadudu na kuvu wafe. Usiruke hatua hii. Udongo una vitu vinavyooza, na ukiufunga na gundi ya maji katika hali yetu ya unyevu, kuvu wataota juu ya kazi yako, nyumba nzuri ya modeli ibaki na ukungu mweupe kwenye baraza.

Kwa nini kuchekecha mara mbili? Kwa sababu ya skeli. Katika 1:35, punje ya milimita 1 ni sawa na jiwe la sentimita 3.5. Katika 1:72 punje hiyo hiyo ni jiwe la zaidi ya sentimita 7, ambalo mtu angejikwaa. Tope ni vumbi laini lililolowa, na punje zake halisi hazionekani kwa macho. Kwa hiyo chochote kinachoonekana kama punje kwenye modeli, mtazamaji atakisoma kama kokoto. Kokoto mtaziweka, barabara ya murram inazo, lakini ziwekwe kwa makusudi na kwa mikono yenu, baada ya tope laini kuwepo.

Rangi ya udongo ikipauka baada ya kuchanganywa, msikimbilie rangi za wachoraji. Nendeni kwenye duka la vifaa vya ujenzi mkaombe ile rangi ya unga inayochanganywa na saruji kutengeneza sakafu nyekundu. Ile ni oksidi ya chuma, ndugu yake yule yule anayeufanya mteremko wa Namirembe uwe mwekundu. Ipo nyekundu, ya manjano na nyeusi. Kwa hizo tatu unaweza kusafiri kutoka kilimani hadi bondeni. Ina nguvu sana, kwa hiyo ongeza kwa ncha ya kijiti, na vaa barakoa, maana unga ule unaingia mapafuni.

Sasa vipimo. Usijenge unene wote kwa tope. Gundi nyeupe ya mbao inakauka kwa kupoteza maji, na kinachopoteza maji kinasinyaa, kwa hiyo tope nene litapasuka ovyo na kuvuta ubao upinde. Jenga kwanza umbo la ardhi kwa lile boya jeupe linalokuja ndani ya katoni za televisheni, lifunike kwa plasta, chora mifuo mikubwa plasta ikiwa bado laini, acha ikauke. Juu yake ndipo linakuja tope, unene wa milimita 2 au 3 basi. Sehemu 4 za udongo, sehemu 1 ya gundi, na maji kidogo kidogo ukikoroga, hadi kijiti ukikipitisha kiache mfereji usiojifunga wenyewe. Tone moja la sabuni ya vyombo litasaidia maji yapenye kwenye udongo mkavu, badala ya kukaa juu yake.

Hapo ndipo unapopitisha magurudumu. Namaanisha magurudumu yenyewe ya modeli, yaliyolowanishwa ili yasinate, yakivingirishwa kwenye njia ambayo dereva mwenye akili angeichagua. Modeli haina uzito wa kutosha kuzama, kwa hiyo sukuma wewe. Mfuo wa sentimita 20 ni karibu milimita 6 katika 1:35. Unyayo wa mtu mzima ni kama milimita 7 na nusu. Magari mengi yakipita njia moja, mifuo inakuwa miwili mirefu na katikati panabaki tuta ambalo sehemu ya chini ya gari inalikwangua hadi linalainika. Boda boda wao hawapiti kwenye mifuo hiyo. Wanapita kwenye tuta la katikati au pembeni kabisa, na wanaacha mstari mmoja mwembamba unaopindapinda kukwepa madimbwi. Ukiweka mstari huo, hata bila pikipiki yoyote kwenye kitako, kila Mganda atakwambia nani kapita.

Nikae kidogo kwenye nyumba, kwa ajili ya hawa vijana wa usanifu majengo, maana naona modeli nyingi za nyumba nzuri zilizosimama juu ya majani ya kijani yaliyonyooka hadi ukutani. Nyumba zetu nyingi hazina mifereji ya paa. Maji yanatoka kwenye mabati na kuanguka moja kwa moja chini, miaka nenda rudi, mahali pale pale. Bati la mawimbi lina mawimbi yaliyopishana kwa karibu sentimita 7 na nusu, na kila bonde la wimbi linamwaga maji yake peke yake. Kwa hiyo chini ya ukingo wa paa kuna safu ya vishimo vilivyopangwa kwa umbali huo huo, na nyumba ikiwa ya zamani vishimo vimeungana kuwa mfereji, na ndani ya mfereji udongo laini umeoshwa, zimebaki kokoto. Katika 1:35 vishimo hivyo vinapishana kwa milimita 2 na kitu. Vitobolewe na ncha ya kijiti cha meno wakati tope bado bichi, kwa kufuata mabati uliyoyaweka juu, bonde kwa bonde.

Halafu ukuta. Tone likigonga ardhi tupu, linarusha udongo, na udongo huo unapanda ukutani hadi karibu na goti. Ndiyo sababu watu wengi hupaka sehemu ya chini ya ukuta rangi ya kahawia au nyekundu. Wekundu wa mvua ni mzito kabisa chini na unafifia kwenda juu, na hauna mstari wa mwisho. Chukua mswaki mkuukuu, chovya kwenye tope jembamba, vuta nywele zake kwa kidole gumba ukiwa umelaza modeli, ili madoa yarukie ukutani kutokea chini kama yanavyoruka kweli. Doa la sentimita 1 ni milimita 0.3 tu katika skeli hii, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye karatasi hadi madoa yawe madogo kiasi cha kutia shaka kama yapo. Mahali pasipo na mabati yanayochuruzika, mfano upande wa mwisho wa paa la migongo miwili, madoa yawe machache. Chini ya dirisha ambako mama humwaga maji ya kuoshea vyombo, yawe mengi. Msanifu akifanya hivi, atajikuta anafikiria mifereji, baraza na msingi ulioinuliwa kabla mteja hajauliza. Tope limemfundisha kuchora nyumba.

Sasa tufike kwenye kulowa, ambako kazi nyingi nzuri huharibikia. Wajenzi wengi wanadhani kulowa ni kung'aa. Wanamaliza tope vizuri, kisha wanapaka vanishi ya kung'aa kote. Tazameni barabara muda wa saa tatu baada ya mvua kukatika. Kuna hali tatu mbele yenu kwa wakati mmoja. Matuta yamekauka, yamepauka, hayang'ai. Kingo za mifuo zina unyevu, na hapo udongo ni mweusi zaidi lakini hauna mng'ao wowote. Chini kabisa ya mfuo kuna maji au tope lililoshiba maji, na hapo tu ndipo pana giza na mng'ao pamoja. Hali ile ya kati, ya giza lisilong'aa, ndiyo inayosahaulika, na bila hiyo macho hayakubali.

Sababu yake imetafutwa na wataalamu tangu mwaka 1925, alipoandika Anders Ångström wa Sweden, aliyechunguza jinsi ardhi inavyorudisha mwanga. Udongo mkavu una hewa katikati ya punje, na mwanga ukigonga punje unarudishwa haraka machoni petu. Maji yakichukua nafasi ya hewa, mwanga unaingia ndani zaidi, unagonga punje nyingi kabla ya kutoka, na kila mgongano unakula sehemu yake. Unaorudi ni mchache, tunaona giza. Kwa hiyo giza la unyevu liko ndani ya udongo, nalo linatengenezwa kwa rangi. Mng'ao uko juu ya maji, nao unatengenezwa kwa vanishi. Ni kazi mbili, zifanyeni kwa siku mbili. Jueni pia kwamba gundi inaufanyia udongo kazi ile ile ya maji. Udongo uliofungwa na gundi unakauka ukiwa na giza kidogo, tayari una sura ya unyevu. Basi kazi yenu kubwa ni kuyarudisha matuta kwenye ukavu, kwa brashi karibu kavu yenye rangi ya udongo iliyopaushwa, ikipitishwa juu juu.

Na hapa swali langu la kwanza linarudi. Mvua imekatika sasa hivi? Basi hata matuta yawe ya giza, na mng'ao uwe mahali pengi. Ilinyesha asubuhi, sasa ni mchana? Hali zote tatu. Ilinyesha juzi? Mng'ao usiwepo kabisa isipokuwa kwenye shimo refu moja, na kingo za madimbwi yaliyokauka ziwe na gamba jembamba la udongo laini. Ni Januari au Julai? Basi unajenga vumbi, na vumbi lina hotuba yake. Mkichagua mwezi wa Aprili au Oktoba mtakuwa ndani ya misimu yetu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na majani yenu pia lazima yawe mabichi.

Madimbwi nayo. Wenzetu wa nje wanamwaga resini, yaani kimiminika kinachoganda kama plastiki, safi, angavu, unaona hadi chini. Inapendeza kwa kijito cha milimani. Dimbwi la barabara ya Kampala ambalo taksi zinapita kila dakika lina rangi ya chai ya maziwa, huoni chini hata kidogo, kwa sababu vumbi la mfinyanzi ni dogo mno na linakaa ndani ya maji kwa muda mrefu likisubiri kutua. Kwa hiyo paka sakafu ya dimbwi rangi hiyo ya kufifia, isiyo na kina, kisha juu yake weka tabaka jembamba la vanishi ya kung'aa au resini. Umeokoa fedha, na umesema kweli. Dimbwi lililo nyuma ya nyumba, ambalo halijaguswa siku kadhaa, hilo ndilo utalifanya angavu kiasi, na chini yake tope laini limetua.

Mkitumia resini, mwageni tabaka nyembamba, moja ikauke kabla ya nyingine, madirisha wazi na glavu mkononi. Watoto wasiguse. Na jihadharini na ukingo, kwa maana kimiminika chochote hupanda kidogo pale kinapogusa ukuta wake. Kwenye dimbwi halisi mpando huo ni mdogo hauonekani. Kwenye dimbwi la upana wa sentimita 2 unaonekana wazi na kuvunja skeli. Ufute kwa brashi yenye unyevu kabla haujakauka, au uufunike kwa udongo baadaye.

Nyufa nitazieleza haraka. Watu wananunua dawa za kupasua rangi bila sababu. Udongo mweusi wa mfinyanzi unapasuka wenyewe, na habari njema ni kwamba umbali kati ya nyufa unafuata unene wa tabaka. Tabaka jembamba linatoa nyufa za karibukaribu. Panga tabaka la milimita 1 au 2 bila gundi, liache likauke polepole, litajichora nyufa zinazokaribia skeli yako lenyewe. Kisha lishike kwa gundi iliyochanganywa na maji mengi, ukidondosha kwa bomba la sindano. Lakini msiweke nyufa pana kwenye mteremko mwekundu. Udongo ule hauvimbi wala kusinyaa kwa kiasi hicho, na mkulima yeyote atawaambia hapana.

Kwa wapenzi wa magari nina neno. Tope lililo kwenye gari lazima litoke kwenye ardhi ile ile iliyo chini yake, isipokuwa kama mna hadithi ya gari lililotoka mbali, na hapo tabaka la zamani liwe limekauka na la hapa liwe bichi juu yake. Tope hurushwa na gurudumu, kwa hiyo ni nene nyuma ya kila tairi na kwenye sehemu ya chini ya milango, na linakwenda kwa mwelekeo wa mwendo. Wapo kati yetu wanaojenga magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo katika miaka ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mkijenga ile Datsun 240Z ya mwaka 1973 ya Shekhar Mehta, aliyezaliwa hapa hapa Uganda na akashinda mashindano yale mara tano, iacheni ichafuke kwa heshima. Kioo cha mbele kiwe na pinde mbili safi za waipa. Taa na namba ziwe na alama za mkono uliofuta kwa haraka. Paa libaki karibu safi. Kwa pikipiki, tope ni kwenye injini, chini ya tangi, kwenye miguu ya dereva hadi magotini, na kwenye mgongo wa abiria kama ngao ya tairi ya nyuma imekatika.

Walimu, hili la mwisho ni lenu, na naliona kubwa kuliko yote niliyosema. Tarehe 1 Machi 2010 mlima ulishuka juu ya kijiji cha Nametsi huko Bududa, kwenye miteremko ya Elgon, na watu wetu wengi wakafukiwa. Oktoba 2018 maafa yakarudi katika wilaya ile ile. Mtoto wa Bududa au wa Bulambuli anastahili kuuona mteremko wake ukiwa mezani, kwenye kitako, kabla hajauona ukishuka. Jengeni mteremko wenye miti upande mmoja na uliolimwa hadi juu upande wa pili. Jengeni ufa unaotangulia, ule unaokata bustani ya migomba kwa mkato wa upinde juu ya nyumba. Mkionyesha tope lililoshuka, msilifanye laini. Tope la namna hiyo halichagui. Linabeba mawe makubwa, visiki na mabati pamoja, na mawe makubwa mara nyingi husukumwa hadi mbele na pembeni. Hapo kokoto zenu za milimita 10 zina kazi, ni majabali ya sentimita 35 katika skeli ya 1:35. Wekeni nyumba mahali pa salama na mahali pasipo salama, na muwaache watoto wabishane ni ipi ipi.

Msitie sanamu za watu chini ya tope hilo. Wapo watoto darasani waliopoteza wazazi.

Meza ziko tayari pale nyuma. Kuna udongo wa kilimani, wa bondeni na wa Karamoja, kila mmoja kwenye dumu lake lililokatwa, na vibao vya plasta vilivyokwisha kukauka. Tutaanza na ukingo wa paa, kila mtu na kipande chake cha bati. Kabla hujachovya kijiti, andika kwa penseli chini ya kibao chako: ni mwezi gani, mvua ilikatika saa ngapi, na nani amepita.